Gauni la mikunjo halianzii kwenye mkasi, linaanzia kwenye kitambaa

#1 (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu, mods naomba huu uzi usiunganishwe na ule wa bei za mafundi, hii ni mada nyingine kabisa.

Msimu wa kitchen party na send-off ukifika simu za mafundi zinajaa picha za aina moja. Gauni la satini au la jezi (kile kitambaa laini kinachovutika, si jezi ya mpira), bega moja wazi, kitambaa kimetoka begani kimekatiza kifuani kimeenda kukusanyika kiunoni halafu kimemwagika mpaka chini. Mteja anasema nataka hili hili, fundi anasema hamna shida dada lete kitambaa. Siku ya kuchukua nguo mikunjo imesimama yenyewe haigusi mwili, kwapani kunavuta, kiunoni kumevimba, na cha kwanza anachoambiwa mteja ni "dada una tumbo ndo maana". Hapo ndo roho inaniuma jamani, maana mwili wa huyo dada hauna kosa lolote, kosa liko kwenye kitambaa alichoambiwa akanunue na jinsi kilivyolazwa mezani kabla ya kukatwa.

Nguo za namna hii zina akili tofauti na suti au sketi ya kawaida. Suti unachukua kitambaa unakilazimisha kifuate mwili kwa mishono na gamu, kile kitambaa cha kugandisha ndani. Nguo ya mikunjo unamuacha mwili asimame halafu kitambaa ndo kinaamua kitapita wapi, kazi yako fundi ni kumshikia sehemu chache, bega, kiuno, nyonga, basi. Ukishika sehemu nyingi umemuua.

Na sisi watu wa pwani hii tunajua toka zamani sana sema hatuihesabu kama fasheni. Muangalie mama anavyojifunga khanga, muangalie kweli kweli. Inazungushwa kutoka mgongoni, ncha mbili zinakutana kifuani, moja inapita chini ya nyingine kuelekea kwapani, ya juu inavutwa mpaka ikaze ndo inachomekwa, halafu ukingo wa juu unaviringishwa kwa nje mara moja au mbili. Ule mviringo ndo mkanda wenyewe. Hakuna kifungo hakuna zipu hakuna pini na anafua, anapika, anabeba mtoto, anainama na kuinuka haidondoki. Khanga ya pili anajitanda kichwani na mabegani, upande mmoja anautupa nyuma ya bega. Vipande viwili vya mstatili, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, havijaguswa na mkasi, na vinamkaa mwembamba na mnene, mrefu na mfupi. Dizaina gani ameweza saizi moja ikawakaa wote hao.

Sasa tuje Ulaya, maana hizo picha mnazotuma asili yake ni huko na ni vizuri mjue zinatoka kwa nani. Kuna mama mmoja Mfaransa anaitwa Madeleine Vionnet, kazaliwa 1876, cherehani kaianza bado mtoto, akafungua nyumba yake ya mitindo Paris 1912. Huyu kuchora gauni kwenye karatasi halikuwa jambo lake, alikuwa na kidoli cha mbao kidogo, anakizungushia kitambaa anakipini pini mpaka kianguke anavyotaka, ndo baadae inakuzwa kuwa saizi ya mtu. Na alichofanya kikubwa ni kukata mshazari. Wanawake wa wakati ule wametoka kubanwa na kozeti, ile nguo ya ndani ya kukaza kiuno, miaka na miaka, yeye akaja na gauni linalopita juu ya mwili kama maji bila kubana popote. Ana gauni moja maarufu la karibu na mwaka 1920 limetengenezwa kwa miraba minne tu ya krepu ya hariri, kila mraba umeninginizwa kwa kona yake. Miraba minne wakuu! Ukiliona unasema huyu mama angekaa siku moja na bibi zetu wangeelewana bila mkalimani.

Mshazari ni nini kwa ambao si mafundi. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za urefu na nyuzi za upana, zinapishana. Ukikivuta kwa urefu hakiendi, ukikivuta kwa upana kinaenda kidogo sana. Kivute kwa kona sasa, yaani kona na kona, utaona kinarefuka kinakuwa chembamba, kwa sababu vile vijumba vidogo vya mraba kati ya nyuzi vinalala vinakuwa kama almasi. Ukikata gauni kwa mwelekeo huo kitambaa kigumu kisicho na lastiki hata kidogo kinaanza kufuata kifua na nyonga chenyewe. Hiyo ndo siri yote ya zile gauni za satini za kamba nyembamba mabinti wanavaa sasa hivi, ukilikata hilo gauni wima halafu ukashangaa halikai, umeshajibiwa.

Wa pili ni Madame Grès. Jina lake la kuzaliwa Germaine Krebs, alitaka kuwa mchongaji wa sanamu, akaishia kuchonga kwa jezi ya hariri. Zile gauni zake nyeupe zinazofanana na sanamu za Wagiriki wa kale, mikunjo midogo midogo mamia, kila mmoja umekunjwa kwa mkono na kushikizwa kwa sindano, kitambaa cha upana wa karibu mita 3 kinakusanywa mpaka kinabaki upana wa vidole vichache. Lakini muhimu kwetu mafundi kiko ndani. Nyingi ya zile gauni zina kibodi cha ndani, yaani kiblauzi cha kiwiliwili, kimebana vizuri kwenye mwili, na ile mikunjo ya nje imeshikizwa juu ya hicho kibodi. Uzito wa gauni unabebwa na cha ndani, cha nje kinabaki huru. Huku kwetu bitana inakatwa mwisho kabisa tena kwa kitambaa kilichobaki, tena inakatwa kwa umbo lile lile la nje, halafu tunashangaa kwa nini mikunjo inashuka mteja akicheza muziki nusu saa tu.

Kwa hiyo kabla hujamruhusu mteja akanunue kitambaa mfundishe hili. Akiwa dukani, Kariakoo au Darajani au popote, ashike kitambaa kwa kona moja tu akiinue juu aache kining'inie. Kama kinaanguka kwa mikunjo laini mingi iliyokaribiana, hicho kinafaa. Kikitengeneza mikunjo miwili mitatu mipana iliyosimama mbali mbali, hicho ni cha koti, ni cha sketi ya marinda, kizuri tu kwa kazi yake ila kwenye hilo gauni kitakuaibisha. Halafu akikunje kwenye ngumi aachie, kikibaki na makovu mengi ajue atakaa ukumbini gauni lishakunjika kabla maharusi hawajaingia. Krepu, satini ile nzito laini, jezi, viskosi, hizo ndo za kuanzia. Muuza duka atasema zote zinafaa, anatafuta riziki, ila mkono wako haudanganyi.

Karibuni tujadili, nitajibu kila nikipata nafasi.

#2

Uzi mzuri sana fundi. Swali, hivi kumbe ile shingo inayoning'inia mbele kama bakuli inatengenezwaje? Mimi nimeshonewa mara zote inasimama kama kola.

#3

Mi nipo Mwanza nashona mwaka wa ngapi huu, sikubaliani na wewe kuhusu kitambaa kigumu. Kitenge nakitengenezea mikunjo na wateja wanarudi. Msiwatishe watu waanze kuona kitenge hakina maana, hicho ndo chetu.

#4 (mwanzisha uzi)

Naanza na wa #2. Ile shingo lazima ikatwe mshazari, ukiikata wima itasimama tu hata uombe vipi. Chukua kipande cha mraba, kikunje kona kwa kona, ule mkunjo ndo katikati ya mbele yako. Mvalishe doli au mtu aliyesimama wima, shikiza pini bega la kulia na la kushoto, halafu usogeze mabega ya kitambaa yakaribiane kidogo kidogo, kadiri unavyoyakaribisha ndivyo katikati inavyodondoka. Ikifika unapotaka acha. Kama unataka mawimbi matatu basi unakunja kidogo pale begani mara tatu, kila mkunjo wa begani unazaa wimbi lake kifuani. Na ukingo wa juu usiukunje ukaupiga cherehani, acha kitambaa kiendelee ndani kama sentimita 10 kiwe bitana yake chenyewe. Mshono wa cherehani pale juu ndo unaogeuza bakuli kuwa kola. Wengine wanaweka kauzito kadogo ndani pale katikati kashonewe kwenye kitambaa, kanavuta chini vizuri.

Wa #3 fundi mwenzangu, heshima yako. Sijasema kitenge hakina maana hata kidogo na sitakuja kusema. Kitenge ni pamba imefumwa imara na ina wanga wa kiwandani, uzuri wake ni kushika umbo, ndo maana mikono ya puto, rufo, sketi ya marinda mapana, koti, kinatoka moto. Mikunjo yake ni ya kusimama na ikisimama inapendeza kweli. Ninachosema usimuahidi mteja mikunjo ya kumwagika kwa kitambaa cha kusimama. Halafu mshazari kwenye kitenge unapeleka maua na michoro pembeni, mteja anatoka ukumbini samaki wote wanaogelea kuelekea kwapani. Kama anapenda michoro ya kitenge na anataka gauni la kuanguka kuna viskosi zenye chapa hizo hizo sokoni sasa hivi, mshawishi achukue hiyo.

#5

Mimi niko Kigali, naomba niongezee. Huku kwetu mushanana bado ndiyo nguo ya harusi na dot, yaani sherehe ya mahari. Sketi ya kujifunga, kiblauzi, halafu ule mtandio mrefu unapita kifuani unashikizwa bega moja. Burundi wanasema imvutano. Zamani kitambaa kilikuwa kizito kidogo, siku hizi mabibi harusi wanachukua vile vyepesi vinavyoonyesha, na uzuri wake unaonekana akitembea siyo akisimama. Ile bega moja ambayo watu wanatuma picha za wazungu, sisi tunaivaa na shangazi zetu waliivaa. Fundi huku hachani kitu begani, anakunja kwa mkono anaweka pini moja kubwa basi.

#6

Asante wa Kigali, na mimi wa Unguja niseme. Watu wanaona khanga ni nguo ya nyumbani, ya msibani, ya kulalia. Utumwa ulipopigwa marufuku hapa Zanzibar 1897, wanawake waliokuwa watumwa walikuwa wamezoea kuvalishwa merikani nyeupe ile ngumu na kaniki nyeusi, nguo ambayo ukimuona mtu nayo unajua huyu ni wa daraja gani. Wakazikimbilia khanga zenye rangi na michoro, wakajifunga, wakajitanda, wakajichagulia wenyewe. Kwa hiyo yule bibi aliyejitanda khanga ya pili mabegani alikuwa anasema jambo zito mbele za watu, mimi ni mtu huru. Tuvae kwa heshima hiyo.

#7

Na Mombasa tusisahaulike ndugu zangu 😀 leso (ndo khanga hizo hizo) za Biashara Street, Kaderdina Hajee Essak alianza pale 1887, ile chapa yake ya Mali ya Abdulla hadi leo nyanya zetu hawataki nyingine. Ila mimi swali langu kwa mwanzisha uzi, mimi nina mwili, na tumbo ninalo la watoto watatu. Kila fundi ananiambia hizi nguo za mikunjo si za watu kama mimi. Ni kweli?

#8 (mwanzisha uzi)

Wa #6 umeniongezea kitu kikubwa sana, shukran dada.

Wa #7 dada yangu, si kweli, na huyo fundi aliyekuambia hivyo anataka akushonee kitu rahisi kwake. Nguo za mikunjo zimetengenezwa hasa kwa miili yenye mwinuko, kwenye mwili bapa mikunjo haina pa kupanda wala pa kushuka. Nakuelezea ninavyofanya mimi ili umuonyeshe fundi wako huko.

Kwanza kabisa kibodi cha ndani kikae mwilini mwako sawa sawa, kisikubane, kikukae tu, kitambaa cha pamba kisichovutika. Hicho ndo kinabeba. Halafu kipande cha mbele cha nje kinakatwa kirefu kuliko kipimo chako, kama theluthi moja zaidi kwa urefu, upande mmoja tu. Ule urefu wa ziada wote unakusanywa kwenye mshono wa ubavuni, tuseme wa kushoto, kuanzia chini kidogo ya kifua mpaka juu ya nyonga. Upande wa kulia unabaki laini kabisa hauna mkunjo. Kinachotokea mikunjo inatoka kushoto inapita tumboni kwa kushuka au kupanda kidogo halafu inafifia kabla haijafika kulia. Jicho la mtu linafuata ile mistari iliyolala upande, halikai tumboni. Mikunjo ikikusanywa katikati ya tumbo, au ikapigwa lastiki kuzunguka kiuno chote, hapo ndo inaongeza, na ndo kosa ambalo mafundi wengi wanalifanya halafu wanamlaumu mtu.

Mikunjo isiwe sawa sawa yote. Mmoja mnene, miwili myembamba, mmoja mfupi. Ikilingana inaonekana pazia la sebuleni. Na usiipige pasi! Nawaomba, mikunjo ya kuanguka haipigwi pasi juu yake, unapitisha mvuke kwa mbali tu.

#9

Ok ila mkuu mbona mafundi mnachaji bei ya ajabu kwa hizo gauni, halafu kitambaa mnaagiza mita nyingi, zingine mnashonea mashuka ya kwenu ama vipi

#10 (mwanzisha uzi)

Wapo wasio waaminifu, siwezi kuwatetea. Ila mshazari unakula kitambaa kweli. Gauni refu ambalo wima lingechukua mita 2 na nusu, mshazari kwa kitambaa cha upana wa mita moja na nusu linafika mita 4 na zaidi, kwa sababu vipande vinalala kwa kona na pembeni yanabaki mapembe ambayo hayatoshi kitu kikubwa. Hata Vionnet alikuwa anaagiza vitambaa vipana kuliko vya kawaida kwa ajili hiyo hiyo. Mdai fundi wako akurudishie yale mapembe, ni haki yako, yanatoka mtandio wa kichwa, mkanda, hata kipochi cha mkononi.

Na muda pia. Kitambaa cha namna hii hakipangwi kwa kutandaza sita juu ya meza ukakata pamoja. Mtu mmoja, doli moja, pini, saa zinaenda.

Ila kama bei ni tatizo kuna njia Mjapani Issey Miyake aliionyesha na laini yake ya Pleats Please 1993. Nguo inashonwa kwanza ikiwa kubwa mara mbili mpaka tatu ya saizi, kitambaa cha polista, ndo inakunjwa ndani ya karatasi inaingizwa kwenye mashine ya joto, inatoka na marinda membamba ambayo hayafutiki hata ukifua ukakunja ukaweka kwenye begi. Polista watu wanaidharau ila kwa marinda ya kudumu ndo mwenyewe, joto linaipa kumbukumbu, pamba haiwezi. Vitambaa vilivyokwisha kupigwa marinda hayo vinauzwa tayari kwa mita sokoni, ukikipata unahitaji mishono miwili ya mabega na miwili ya ubavu una gauni.

#11

Mimi nachukua doti za khanga nazikata natengeneza gauni fupi na seti za suruali, soko lipo kubwa tu hasa kwa watalii. Naona kama uzi huu unatupiga madongo.

#12 (mwanzisha uzi)

Hapana, riziki yako naiheshimu na kazi za hivyo nimeziona nzuri. Ila msimamo wangu nausema wazi: khanga nzima ina thamani ambayo iliyokatwa haina. Nzima leo ni nguo, kesho ni mbeleko, keshokutwa ni shuka ya mgonjwa, mama anamrithisha binti yake na inamkaa binti hata kama miili yao ni tofauti. Ikishakatwa saizi 12 ni ya saizi 12 mpaka inachanika. Halafu mkasi unapita katikati ya jina, unakuta methali nusu iko mgongoni nusu iko mfukoni. Jaribu hivi hata kwa hao watalii: doti moja bila kutenganisha vipande, shona mabega tu juu kwa sentimita chache, acha nafasi ya kichwa, pindo za pembeni zibaki huru au shona kuanzia nyongani kushuka, kiunoni mkanda wa kamba. Jina linabaki zima mgongoni linasomeka. Mteja akichoka anafumua mishono anapata doti yake. Na khanga iliyofuliwa mara nyingi ikawa laini inaanguka vizuri kuliko mpya, kwa hiyo ifue kwanza wanga utoke ndo ushone.

#13

Fundi nimekuelewa sana, naomba la mwisho. Nimeshona gauni la mshazari nyumbani, nikapinda chini sawa kabisa, baada ya kulivaa mara mbili upande umeshuka chini upande umepanda. Nimekosea wapi?

#14 (mwanzisha uzi)

Ulipinda mapema. Kitambaa cha mshazari kinaendelea kushuka kwa uzito wake chenyewe na hakishuki sawa kila upande. Fumua pindo la chini lote, litundike gauni kwa mabega usiku mzima na mchana wake, kama ni satini nzito liache zaidi. Halafu livae wewe mwenyewe na viatu vile utakavyovaa siku hiyo, simama wima usiangalie chini, mwambie mtu achukue rula ndefu aisimamishe sakafuni apige chaki kuzunguka kwa urefu ule ule kutoka chini. Asipime kutoka kiunoni, kiuno kitamdanganya. Kata kwa kufuata chaki, pindo liwe jembamba sana, lile la kuviringisha, maana pindo pana kwenye mshazari linajikunja mdomo. Sindano ya cherehani iwe mpya nyembamba, uzi ulegeze kidogo, ukiweza weka zigizagi ndogo kabisa ili mshono uvutike pamoja na kitambaa usije ukakatika ukikaa. Ukimaliza weka picha humu tulione.